Dakika mbili za Mei 28

Mashabiki wa Yanga bado wanazibishania zile dakika mbili kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika, 2023: USM Alger ya Algeria wanatangulia dakika ya 32, Mayele wa Yanga anasawazisha ya 82, uwanja unalipuka. Dakika ya 84 Merili wa USM Alger anafunga. 1-2, kimya.

Wengi humlaumu mwamuzi au beki. Hesabu yenyewe iko hivi: marudiano Algiers, Juni 3, Yanga ilishinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya magoli ya ugenini: jumla ikilingana, hushinda aliyefunga mengi zaidi ugenini, na USM Alger walikuwa na mawili, Yanga moja. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilikwishaifuta kanuni hiyo 2021; CAF, la Afrika, bado ikaitumia. Sare ya 1-1 nyumbani ingetosha kabisa.

Ukisawazisha mechi ikielekea mwisho hivyo, dakika tano zinazofuata ni za kupoza mpira: mabeki wa pembeni wabaki nyuma, kiungo mkabaji asivuke katikati, kipa asiharakishe. Ila jaribu kumwambia hivyo Mwananchi (shabiki wa Yanga) anayepiga kelele "la pili, la pili!"