Insha ya uwindaji: jinsi nilivyoikwamua

Insha yangu ya chuo kuhusu mvutano wa uwindaji ilikwama kwa kuwa mada ni pana mno, na kila upande unavutia kwake. Dawa ilikuwa kuibana iwe swali moja: je, kupiga marufuku uwindaji wa kitalii kunawalinda wanyama? Nikashika nchi mbili. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977 na haijaurudisha. Botswana iliusitisha mwaka 2014, ikauruhusu tena 2019, huku wanavijiji wakilalamikia tembo wanaoharibu mazao. Daftarini, kando ya kila dai, niliandika nani kalisema na nani anamlipa. Hapo hoja zikaanza kupangika. Mkulima anayekesha shambani nilimpa aya nzima. Wabishani wengi humpitia juujuu, na hilo linaniuma.