Asubuhi ya Mto Esla

Farasi wangu alikuwa amepoteza chuma cha kwato ya mbele siku mbili kabla ya kufika Benavente, mji wa Hispania, na fundi wetu hakuwa na msumari hata mmoja. Ndiyo maana alfajiri ya Desemba 29, 1808, pale lindoni kando ya mto Esla, nilikuwa nauangalia mguu wake badala ya mto. Mwenzangu akanisukuma kwa goti: "Hebu tazama kule."

Wafaransa walikuwa wanapima maji. Daraja la Castrogonzalo lilikuwa limelipuliwa usiku, jeshi letu la Kiingereza la Jenerali Moore limeshavuka na kuendelea kurudi nyuma, na mto umefura. Tuliamini hawapiti. Wakapita: zaidi ya 500, makoti ya kijani na kofia za manyoya, wapandafarasi wa Walinzi wa Napoleon mwenyewe, na kati yao watu wa vilemba, Wamamluki, wapandafarasi wenye asili ya Misri.

Sisi wa lindo tulikuwa wachache, Waingereza wa Kanali Otway pamoja na sisi Wahanova, Wajerumani tulioihama nchi yetu ilipotwaliwa na Wafaransa mwaka 1803. Tukawavamia, tukarudi, tukageuka tena, tukarudi. Kila mara mji unazidi kutukaribia mgongoni. Nikajua tumekwisha. Kumbe nyuma ya nyumba za mwisho Lord Paget, mkuu wa wapandafarasi wetu, alikuwa amekificha Kikosi cha 10 cha husari, wapandafarasi wepesi, anawangoja Wafaransa wauache mto mbali. Chambo haambiwi habari za ndoana.

Husari wale walipochomoka, ardhi ilitetemeka. Wafaransa wakageuza farasi, ikawa mbio hadi kivukoni, vitara vinalia, kisha maji yakajaa watu na wanyama wanaogelea. Jenerali wao, Lefebvre-Desnouettes, alikamatwa ukingoni kwa kuwa farasi wake, aliyekwisha jeruhiwa, aligoma kuingia mtoni. Nani alimkamata? Kikosi cha 10 wanasema mtu wao, sisi tunasema wetu, na nimeona watu wakitoana meno kwa ubishi huo. Mimi nilikuwa nyuma na farasi wangu anayechechemea. Niliona migongo tu.

Mateka walipopitishwa, farasi wao nao wakaletwa. Mmoja mweusi alikuwa na kwato zote nne zimepigiliwa vizuri. Nilimtazama yule kuliko nilivyomtazama jenerali. Afisa mmoja akamchukua.

Jioni tukashika njia ya Astorga, washindi tunaendelea kukimbia, nami natembea kwa miguu, hatamu mkononi.