Njia za Miguu za Liguria kwa Macho ya Mtu wa Tukuyu

Mwezi Mei 2023 nilikwenda Italia kumtembelea mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa akisoma Genova, na katika siku kumi na mbili nilizokaa naye tulitumia siku nne kutembea kwa miguu katika pwani ya Liguria, sehemu inayoitwa Cinque Terre. Nimechelewa kuandika habari hizi kwa sababu kila nilipokaa kuandika juu ya Italia nilijikuta naandika juu ya Matema na Ikombe, vijiji vya kwetu kando ya Ziwa Nyasa. Sasa nimekubali kwamba mambo hayo mawili hayatenganiki kichwani mwangu, nami nitayaandika pamoja.

Jina Cinque Terre lina maana ya ardhi tano, nazo ni vijiji vitano vilivyofuatana pwani: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Msomaji aliyewahi kusimama ufukweni Matema, akageukia mashariki na kuona Milima ya Livingstone inavyochomoza moja kwa moja kutoka majini, ameshaiona nusu ya Liguria. Milima yao ni mifupi kuliko yetu, kwa kuwa kilele cha Rungwe kina mita 2,960 na njia nilizopita mimi kule hazikufika hata mita 400. Lakini shida ya watu wa sehemu zote mbili ni moja, kwamba mlima umekwenda hadi majini bila kuacha tambarare ya kulima. Wenzetu waliitatua shida hiyo kwa kuuchonga mlima wenyewe. Kwa karne nyingi walijenga matuta ya ngazi, kila tuta likishikiliwa na ukuta wa mawe matupu, bila saruji wala udongo wa kuyagandisha, na juu ya matuta hayo wakapanda mizabibu, mizeituni na milimau. Njia za miguu zinazowavutia wageni wa leo hazikutengenezwa kwa ajili ya wageni hata kidogo. Zilikuwa barabara za kwenda shambani, kwenda kanisani na kwenda kumjulia hali ndugu wa kijiji cha pili.

Tulianza na njia ya kutoka Monterosso hadi Vernazza, ambayo haifiki kilometa nne lakini ilituchukua saa mbili kamili. Mtu wa Tukuyu, aliyezoea miinuko, hahangaiki na pumzi akiwa usawa wa bahari. Kinachomchosha ni magoti. Ngazi za mawe zinapanda na kushuka bila mpangilio, moja ikiwa na kimo cha kiganja na inayofuata ikifika karibu na goti, na mahali pengine njia ni nyembamba kiasi kwamba anayepanda humsubiri anayeshuka akiwa amebandika mgongo ukutani. Harufu iliyonifuata njia nzima ilikuwa ya majani makavu ya vichaka vya pwani na ya maua ya milimau. Ukifika kona ya mwisho unaiona Vernazza chini yako, nyumba za rangi ya manjano na ya waridi zimebanana kuzunguka ghuba ndogo, na mnara wa zamani umesimama kwenye mwamba.

Corniglia ndicho kijiji pekee kati ya vitano ambacho hakikukaa majini, kwani kipo juu ya jabali, takriban mita 100 kutoka baharini, na anayeshuka kwenye treni hukipandia kwa ngazi zaidi ya 370. Kutoka hapo tulikwenda Manarola kwa kupitia Volastra, kijiji kilichoko juu katikati ya mizabibu, kwa kuwa njia ya chini inayopita kando ya bahari ilikuwa imefungwa kutokana na maporomoko. Wengi huisikitikia njia ile ya chini. Mimi naona kwamba njia ya Volastra ndiyo inayomwonyesha mtu Liguria yenyewe, kwa sababu inapita ndani ya mashamba, wakati mwingine juu ya ukingo wa ukuta, mkono wa kushoto ukigusa majani ya mizabibu na wa kulia ukiwa hauna cha kushika isipokuwa hewa na bahari chini kabisa.

Huko ndiko tulikomkuta mzee mmoja akijenga upya ukuta uliobomoka, upana wake kama wa mlango wa banda la ng'ombe. Nilimwamkia shikamoo kwa Kiswahili, maana moyo wangu haukukubali kumpita mzee aliye kazini bila kumwamkia, na mdogo wangu akamweleza maana yake. Mzee aliweka nyundo chini, akacheka kwa furaha, akaturuhusu tukae tumtazame. Alikuwa ametenga mawe katika mafungu matatu: makubwa ya msingi, ya kadiri ya kujengea uso wa ukuta, na kokoto. Alichukua jiwe refu, akaligeuza mkononi mara mbili tatu kama mtu anayechagua muhogo sokoni, kisha akalilaza urefu wake ukiingia ndani ya mlima, upande mfupi tu ukionekana nje. Mimi ningelilaza kwa urefu wake kufuata ukuta, ili limalize nafasi upesi. Nilimuuliza kupitia mdogo wangu kwa nini anafanya hivyo, akajibu kwamba jiwe lililolala kwa nje husukumwa na mvua ya kwanza, lakini lililoingiza mwili ndani hubanwa na mlima wenyewe. Kisha akajaza kokoto nyuma ya jiwe, akazishindilia kwa vidole. Alieleza kwamba maji lazima yapate pa kupita, kwa sababu ukuta unaozuia maji hubeba uzito wa mlima mzima na mwishowe hupasuka. Kila safu aliilaza kidogo kuelekea mlimani. Katika saa nzima tuliyokaa hapo alimaliza sehemu ambayo ningeweza kuifunika kwa kanga moja.

Wasomaji wa Mbinga watakumbuka ngoro za Wamatengo, yale mashimo ya shambani yaliyozungukwa na matuta, ambayo hunasa maji ya mvua kwenye miteremko mikali ili yasikimbie na udongo. Mbinu ni tofauti, lakini akili iliyoongoza mikono ni ileile: maji usipigane nayo, yape mahali pa kukaa au pa kupita. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ujenzi wa kuta za mawe matupu wa Italia na nchi nyingine saba za Ulaya katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nilifurahi kusoma kwamba kilichoheshimiwa ni ujuzi ulio mikononi mwa watu kama mzee yule, kwa kuwa ukuta bila mwenye kuujua ni mawe yanayosubiri kuanguka.

Jioni ya siku hiyo, katika duka dogo la Manarola, niliona picha ya zamani isiyo na rangi iliyotundikwa juu ya rafu ya chupa. Wanawake watano walikuwa wakishuka kwenye njia nyembamba, kila mmoja akiwa na kikapu kikubwa cha zabibu kichwani, na chini ya kila kikapu kulikuwa na kitambaa kilichosokotwa mviringo. Ilikuwa ngata. Nilisimama mbele ya picha ile hadi mwenye duka akaja kuniuliza kama nahitaji kitu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi kama wanawake wengi wa kwao, na katika miaka ambayo ziwa lilichafuka na mitumbwi haikuweza kutoka, alibeba vyungu kwa ngata kupitia njia ya kando ya mlima hadi kwenye soko la Lyulilo, ambalo hukusanyika Jumamosi. Alijua kila jiwe la njia ile. Alituambia kwamba kichwa kilichobeba vyungu hakiinami kutazama chini, kwa hiyo ni nyayo ndizo zinazopaswa kukumbuka. Sikuwahi kufikiria kwamba ng'ambo ya bara na bahari kulikuwa na wanawake ambao nyayo zao zilikumbuka namna hiyo hiyo.

Siku hizi mashamba ya kule yana vitoroli vinavyopanda mlima kwenye reli moja yenye meno, vikibeba zabibu wakati wa mavuno. Ni nafuu kubwa na sitamani mtu yeyote arudishwe kwenye kikapu. Lakini watu walianza kuyaacha matuta zamani. Kiwanda kikuu cha meli za jeshi la majini kilifunguliwa La Spezia, mji wa jirani, mwaka 1869, reli ya pwani ikakamilika katika miaka ya 1870, na kijana aliyeweza kupata mshahara wa mwezi mjini hakuwa na sababu ya kurithi mawe ya baba yake. Katika karne ya ishirini matuta mengi yalibaki bila mtu. Ukuta mmoja ukianguka humwagia mawe ukuta wa chini yake, na njia iliyopita juu yake hukatika. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ya saa chache ilishusha matope na mawe hadi Vernazza na Monterosso, barabara kuu ya Vernazza ikafukiwa, na watu wakapoteza maisha. Mvua ilikuwa kubwa mno, hilo halina ubishi, lakini matuta yaliyotelekezwa yanaongeza hatari ya mlima kuporomoka. Sisi wa Mbeya hatuhitaji kuelezwa jambo hilo kwa kirefu, maana Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetele ilishuka na kufukia nyumba za majirani zetu wa Itezi.

Jambo jingine nililolipenda ni alama. Katika kila njia panda, na mara nyingi hata kabla hujaanza kuwa na shaka, unakuta mistari miwili, mwekundu na mweupe, iliyopakwa kwenye jiwe au kwenye kona ya ukuta. Ndiyo alama inayotumiwa na chama cha wapanda milima cha Italia, kilichoanzishwa mwaka 1863. Gharama yake ni kopo la rangi na mtu wa kupita na brashi kila baada ya miaka michache. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mwaka 2019 mimi na wenzangu watatu tulipotea tukishuka Rungwe. Ukungu ulitukuta kwenye mianzi, tukashika kijia kilichoonekana kukanyagwa vizuri, kumbe kilikuwa cha wakata mianzi, nacho kikaishia kwenye korongo. Tulizunguka hadi karibu na magharibi. Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akirudi na mzigo wa kuni. Alitusalimu "mugonile", akatutazama viatu vyetu, na bila kuuliza zaidi akatutembeza karibu saa nzima hadi tukaona majani ya chai. Tulipomwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kutaka kumpa chochote, alikataa. Doa moja la rangi kwenye jiwe la njia panda ile lingetosha kumwepusha mama yule na saa nzima ya kutembea na mzigo kichwani kwa ajili yetu.

Kwa atakayepata nafasi ya kwenda, haya machache yatamsaidia. Sehemu hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1999, na njia za pwani kati ya vijiji hulipiwa kwa kadi ya hifadhi. Nilisikia baadhi ya wageni wakinung'unika, lakini mimi nililipa kwa moyo mweupe baada ya kuona kazi inayohitajika kila msimu. Ndala haziruhusiwi njiani na mtu anaweza kutozwa faini. Miezi ya Aprili, Mei na Septemba ndiyo mizuri. Oktoba na Novemba mvua huja kwa nguvu, na tahadhari ya hali ya hewa ikitolewa njia hufungwa. Kijia maarufu kuliko vyote, Via dell'Amore, kinachounganisha Riomaggiore na Manarola, sikukipita, kwani kilifungwa Septemba 2012 baada ya mawe kuangukia watalii. Kilifunguliwa tena mwaka 2024. Hakifiki hata kilometa moja, na kimehitaji karibu miaka kumi na miwili ili kirudi.

Januari iliyofuata safari ile ya Italia nilikwenda Ikombe. Mvua ilikuwa imekula sehemu ya njia karibu na makutano ya kijito, na mjomba wangu pamoja na vijana wawili walikuwa wakiirudisha kwa majembe, wakisukuma udongo na kuukandamiza. Nilimwomba mjomba aniruhusu nijaribu kitu. Tuliokota mawe ufukweni, tukachimba msingi, nami nikalaza jiwe la kwanza kama nilivyomwona yule mzee wa Volastra akifanya, urefu wake ndani ya mlima. Lilitikisika. La pili pia lilitikisika. Mjomba alichutama kando yangu, akalichukua lile la kwanza, akaligeuza tumbo likawa chini, akasukuma kokoto nyuma yake kwa kidole gumba, kisha akasimama juu yake kwa miguu miwili na halikucheza. Alinieleza kwamba bibi ndiye aliyemfundisha kufanya hivyo alipokuwa mtoto, chini ya mwembe mmoja wa njia ileile, mahali ambapo njia bado ipo. Nilimuuliza mbona hakuwahi kutuambia. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza, akaninyooshea mkono nimpe jiwe linalofuata.