Karantini isiyo na tarehe na msiba usio na maziko

Mwambie mtu akae ndani siku 14, atazihesabu. Mwambie akae ndani "hadi utakapojulishwa", umeshamtwika mzigo usiohusiana na virusi hata kidogo. Naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya maumivu ya akili wakati wa janga huletwa na sisi tunaolisimamia: jinsi tunavyowatenga watu, tunavyowazikia wapendwa wao na tunavyowapa taarifa.

Mwaka 2003, wakati wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu unaoambukiza, watu wengi waliwekwa karantini jijini Toronto. Watafiti walipowahoji 129 kati yao baadaye, karibu asilimia 29 walikuwa na dalili za kiwewe na asilimia 31 dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Kadiri karantini ilivyorefuka, ndivyo dalili zilivyozidi.

Kinachowatafuna walioko ndani kinajulikana: hofu ya kuwaambukiza wa nyumbani, chakula na dawa kuisha, kipato kukatika, taarifa zinazogongana. Kwa hiyo siku ya kwanza familia iachiwe karatasi inayoeleza sababu ya karantini, tarehe na saa ya kutoka, dalili za kuangalia, na namba ya simu ambayo kweli inapokelewa. Kisha wapigiwe kila siku saa ile ile, na swali la kwanza liwe la mahitaji. Mmekula? Dawa za presha zimebaki za siku ngapi? Joto la mwili liulizwe baadaye. Simu inayoanza na joto na kuishia na joto watu huiona ya kipolisi, na wakishaiona hivyo wanaanza kuficha dalili. Ikibidi kuongeza siku, waelezwe mapema pamoja na sababu, si asubuhi ile mtu ameshavaa viatu anangoja kutoka.

Kutoka nako kuna kazi yake, na hapa ndipo wengi tunapozembea. Mtu anamaliza siku zake, lakini majirani bado wanavuka upande wa pili wa njia wakimwona. Apewe barua ya kumaliza karantini. Akiridhia, mhudumu wa afya aende kwake mchana, bila mavazi ya kinga, akae naye nje waongee watu wakiona. Tendo hilo moja huvunja unyanyapaa kuliko mabango.

Kuhusu mazishi, somo tulipewa mapema. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi ulioanza kutambuliwa 2014, vikosi vya mazishi vilifika vimevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, vikachukua maiti na kuondoka. Baadhi ya familia zikaanza kuficha wafu wao na kuzika kwa siri, na maambukizi yakaendelea. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa hatua 12 za maziko salama yenye heshima. Kikosi hufika kwanza bila mavazi ya kinga, kinatoa pole, kinaongea na familia na kiongozi wao wa dini, kinakubaliana nao kuhusu kaburi na sala, na ndipo kinavaa. Ilipokuja UVIKO-19, sehemu nyingi zilirudi kwenye kuzika haraka haraka bila ndugu, ingawa mwongozo wa shirika hilo hilo wa Machi 2020 uliruhusu familia kumtazama marehemu bila kumgusa. Hilo linanisikitisha mpaka leo.

Msiba usio na maziko haufiki mwisho. Mfiwa hubaki na maswali madogo yanayomzungusha usiku: alikuwa na nani? Alipata maumivu? Aliniulizia? Muuguzi anaweza kuyapunguza kwa kuandika mistari mitano tu: saa ya kufariki, aliyekuwa karibu, dawa ya maumivu aliyopewa, maneno aliyosema, kama aliombewa. Karatasi hiyo ipewe familia. Na kama matanga yalizuiwa, yafanyike baadaye, hata miezi ikiwa imepita, hayajachelewa. Majonzi makali yanayomzuia mtu kuishi kwa zaidi ya miezi 6 sasa yanatambuliwa rasmi kama tatizo la afya linalotibika.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19, na vijana na wanawake ndio walioumia zaidi. Huwezi kuwapa wote wataalamu, hawapo. Ndiyo maana huduma ya kwanza ya kisaikolojia hufundishwa kwa walimu, viongozi wa dini na watu wa kujitolea, kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kosa linalorudiwa sana ni kumlazimisha mtu asimulie yaliyomkuta "ili ayatoe moyoni". Usimlazimishe. Kaa naye, muulize anahitaji nini sasa hivi, mwunganishe na ndugu, chakula au kliniki. Usimwambie wengine wamefiwa na watano.

Akikosa usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kufanya lolote kwa wiki 2 mfululizo, mpeleke kituo cha afya. Akizungumzia kufa, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi linampa mwanya wa kusema. Akijibu ndiyo, ondoa dawa za kuulia wadudu na vidonge vilivyo karibu naye, mtafute mtu anayemwamini, na msimwache peke yake hadi amekabidhiwa kwa mhudumu.