Viko viwili vya Mjomba

Masika yale Mjomba alikaa Tanga wiki tatu. Aliporudi Magomeni na kufungua kabati, viko vyake viwili vya kuvutia tumbaku vilikuwa vimeota ukungu mpaka ndani ya bakuli, pale panapotiwa tumbaku. Akanituma Konyagi ndogo na pamba ya duka la dawa. Jirani aliyeniona na vile vitu viwili aliuliza nani kaumia.

Tulikaa barazani. Akaanza na kiko cha mti, kile cha briari, kifundo cha mzizi wa kichaka cha pwani za Mediterania. Mdomo wa kiko, ile sehemu ya kushika kwa meno, aliupindisha huku akiuvuta taratibu. Kiko kikiwa bado cha moto, alisema, mdomo hauguswi, maana ulimi wake, ile ncha nyembamba, umekaza ndani ya shina linalotoka kwenye bakuli, na ukilazimisha shina linapasuka. Kisha akakwangua masizi kwa kisu butu. Hakuyamaliza: alibakiza utando wa milimita 1 hivi, unaokinga mti usiungue. Ukiachwa unenepe, joto huutanua kuliko mti na bakuli hupata ufa. Kisu chenye ncha nacho hutoboa kitako.

Kwa tundu la shina alichomoa chelewa kwenye ufagio, akaizungushia pamba nyembamba, akachovya Konyagi. Pamba ikizidi hubaki ndani na kuziba, halafu unahangaika nayo usiku kucha. Chelewa ya kwanza ilitoka nyeusi tititi. Ya saba ikatoka ya njano, akaacha. Bakuli akalijaza pamba, akadondoshea Konyagi hadi ilowe bila kufika ukingoni, kwa sababu pombe hubabua rangi ya nje. Akakiegemeza kiko wima ndani ya kikombe mpaka asubuhi, pamba inyonye nikotini iliyojificha kwenye mti.

“Hicho kingine kiache, mjomba,” akasema, akaenda kulala.

Sikukiacha. Kilikuwa cha jiwe, lile jeupe jepesi liitwalo meerschaum, la Sinya, kwenye mpaka na Kenya upande wa Amboseli. Kimepigwa mhuri wa tembo, kazi ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha. Nikakijaza pamba na Konyagi sawasawa na mwenzake. Asubuhi nikaingiza kisu, na kipande cha ukingo kikatoka laini kama sabuni iliyolala kwenye maji.

Mjomba alikigeuzageuza kile kipande, hakunipigia kelele. Jiwe hilo hunywa maji, na likishalowa hulegea. Wala halihitaji utando wa masizi: kila baada ya kuvuta unafuta bakuli kwa karatasi laini, basi. Ukungu wake ulitaka kitambaa kikavu na upepo. Kivulini, lakini. Juani mdomo wa mpira mgumu hugeuka kijani na kuwa mchungu ulimini.

Alikiweka juu ya kabati siku nne bila kukigusa, kisha akausawazisha ukingo kwa msasa laini. Kikawa kifupi kidogo upande mmoja. Kile cha mti kilikawia zaidi kukauka, maana Konyagi ni asilimia 35 tu ya kileo na karibu yote iliyobaki ni maji. Wiki ya pili bado kila moshi ulikuwa na harufu ya baa.