Gatini Cromer, kwa Waokoaji wa Bahari ya Kaskazini

Treni ya kutoka Norwich kwenda Cromer ina mabehewa machache, na hupita taratibu katikati ya mashamba, ikisimama kwenye vituo vidogo ambavyo pengine hateremki mtu. Tangu nihamie Uingereza nimekuwa nikiona, madukani na kwenye miji ya pwani, visanduku vya michango vyenye umbo la mashua vya RNLI, taasisi ya hisani inayookoa watu baharini, na nimezoea kutumbukiza sarafu bila kuuliza zinakwenda wapi. Safari hii niliifunga ili nijionee mwenyewe.

Cromer ni mji mdogo katika pwani ya Norfolk, unaosifika kwa kaa wake na kwa mnara wa kanisa unaoonekana kabla hujafika. Kutoka kituoni niliteremka kwa miguu hadi kwenye gati lililofunguliwa mwaka 1901. Watoto walikuwa wameinama ukingoni wakishusha kamba zenye vipande vya nyama ili kuvua kaa, huku wazazi wao wamejibanza nyuma ya ukumbi wa maonyesho kukwepa upepo. Nyuma ya ukumbi huo, mwisho kabisa wa gati, limesimama banda la mashua ya uokoaji. Limejengwa huko kwa sababu ya kina cha maji: mashua ishuke bila kusubiri maji yajae.

Mashua iliyopo sasa ni ya aina ya Tamar. Ina urefu wa mita 16, hukimbia maili 25 za baharini kwa saa, na wimbi likiipindua hujigeuza yenyewe ikakaa sawa. Viti vyake vimewekwa juu ya vifyonza mshtuko, kwa kuwa chombo kinachodunda juu ya mawimbi kwa kasi hiyo huumiza migongo ya waliomo. Inaposhushwa huachiwa iteleze kwenye mteremko kwa uzito wake yenyewe, ikaikita bahari kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, na kurusha maji pande zote mbili. Watalii huja na kamera kwa ajili ya tukio hilo.

Mimi nilibahatika kuona upande wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio unaostahili kamera. Wahudumu walikuwa wanarudi kutoka mazoezini. Nahodha aliileta mashua kinyumenyume hadi chini ya mteremko, na kwa kuwa bahari ilikuwa ikiinuka na kushuka, ilimbidi avizie wimbi lililo tulivu kidogo ili mkuku, uti wa chini ya mashua, ukae mahali pake, kisha wenzake wakafunga waya na winchi ikaanza kuivuta juu. Ilipokwisha kuingia bandani hakuna aliyeondoka. Waliiosha yote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, madirisha, vyuma na kamba, wakajaza mafuta, na mwanamke mmoja kijana akakaa kwenye benchi akizifungua jaketi za kujiokolea moja baada ya nyingine, akikagua kichupa cha gesi kinachoijaza hewa kila jaketi, akakikaza kwa vidole, kisha akaandika kwenye karatasi. Alipomaliza alivua buti zake za mpira na kutoka mbio, kwani alikuwa ameomba ruhusa ya muda tu kazini kwake. Halipwi kwa kazi ya baharini. Katika kituo kama hiki nahodha au fundi anaweza kuwa mwajiriwa, lakini wengi waliobaki ni wauza duka, mafundi seremala na walimu, ambao hutembea na kifaa kidogo kiunoni, kikilia wanaacha walichoshika. Kwa hesabu ya taasisi yenyewe, ni takriban mmoja tu kati ya kumi aliyejiunga akiwa anatoka kwenye kazi ya bahari, waliobaki hufundishwa.

Taasisi hiyo, RNLI, ilianzishwa London tarehe 4 Machi 1824 kwa juhudi za Sir William Hillary, na leo ina vituo 238 vya mashua katika Uingereza na Ayalandi. Sehemu kubwa mno ya fedha zake hutoka mikononi mwa watu wa kawaida, wakiwemo marehemu: inaelezwa kwamba safari sita kati ya kumi za uokoaji huwezeshwa na mali zilizoachwa kwa wasia. Mzee mmoja anayejitolea kuwaongoza wageni aliniambia hilo huku akipangusa vumbi kwenye kisanduku cha michango, kana kwamba ananieleza bei ya samaki.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenihimiza nisiondoke bila kupita kwenye jumba la makumbusho la Henry Blogg, lililo pale pale ufukweni. Blogg alikuwa mvuvi wa kaa. Alijiunga na wahudumu mwaka 1894 akiwa na miaka 18, akawa nahodha mwaka 1909, na hakustaafu hadi mwaka 1947. Katika miaka hiyo alishiriki kuokoa watu 873, ilhali yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Januari 1917, vijana wengi wakiwa vitani, alitoka na wenzake, wengi wao wazee, katika mashua ya makasia 14, wakawatoa watu 16 kwenye meli ya Kigiriki, kisha, kabla mikono haijapumzika, wakaifuata meli ya Kiswidi Fernebo iliyokuwa imekatika vipande viwili, wakawatoa 11. Agosti 1941 meli sita za msafara zilipanda fungu la mchanga la Haisborough. Blogg aliisukuma omo ya mashua yake ndani ya ufa wa meli mojawapo ili mabaharia wavukie hapo, na siku hiyo mashua yake peke yake iliokoa watu 88. Mashua hiyo, H F Bailey, ipo ndani ya jumba. Niliizunguka mara mbili, nikashangaa jinsi ilivyo wazi, kwani wahudumu walikaa wakipigwa na maji.

Kuna pia habari ya mbwa aliyeachwa kwenye meli ya Kiitalia mwaka 1932 na Blogg akampeleka nyumbani kwake. Watoto walikuwa wamejazana hapo kuliko penye medali.

Jambo jingine linalonifanya niwaheshimu watu hawa ni kwamba hawachagui wa kumwokoa. Mwaka 2021 baadhi ya wanasiasa waliwashutumu kwa kuwaokoa wahamiaji waliokuwa wakizama katika mlango bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Taasisi ikajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake, na michango ikaongezeka hadi kupita pauni 200,000 kwa siku moja.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi gatini nilifikiria Nungwi, usiku ule wa Septemba 2011 MV Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba. Wavuvi walitoka na vyombo vyao vya kuvulia, wakarudi na watu. Mioyo ile haipungukiwi chochote na ya akina Blogg. Lililopungua ni banda, winchi, jaketi zilizokaguliwa na mafuta yaliyokwisha kuwekwa tangu jana. Nilimuuliza mzee yule vitu kama hivyo huanzia wapi, nikitarajia anitajie serikali. Akanionyesha maandishi ukutani: Cromer ilikuwa na mashua yake ya uokoaji tangu mwaka 1804, miaka 20 kabla ya taasisi kuzaliwa, na fedha za kuinunua zilichangwa na wenyeji.