Kitana Chenye Alama za Meno

Katika kiangazi cha mwaka wangu wa pili mjini Tucson, jimbo la Arizona, nilijitolea kufanya kazi katika kituo cha kutunza wanyama wa porini, na jukumu langu kuu lilikuwa kumtembeza Canela kila alfajiri. Canela alikuwa koyote, mnyama wa Amerika wa jamii ya mbwa anayefanana na bweha, jike wa kilo kama 9 hivi, mwenye macho ya manjano na masikio yasiyotulia. Familia moja ilimwokota jangwani angali hajafumbua macho, ikadhani ni mtoto wa mbwa, ikamnywesha maziwa kwa chupa hadi akawazoea watu kupita kiasi, na kwa hiyo kumrudisha porini kungekuwa sawa na kumpeleka mbele ya bunduki ya mfugaji yeyote ambaye Canela angemkaribia bila woga.

Malezi hayo hayakumfanya mbwa hata kidogo. Alinijua na kunilamba viganja, lakini nikimwita haji. Alikuja alipotaka mwenyewe. Asipotembezwa, alizunguka ndani ya uzio wake kwa njia ile ile mpaka ardhi ikafanya mfereji. Tulitoka kabla ya jua kuchomoza, maana mwezi wa Julai joto la huko hupita nyuzi 40 na mchanga huunguza nyayo. Nilimvisha mkanda wa kifuani wenye kamba ndefu, tukashuka katika mto mkavu ambao sisi tuliokulia Kakuma, kambi ya wakimbizi huko Turkana nchini Kenya, tungeuita laga, naye akatimua mbio mkia ukiwa chini, nami nikihema nyuma yake. Kituo chake cha lazima kilikuwa chini ya miti ya mesquite, ambayo ni jamii moja na mathenge wa Turkana. Hapo alitafuna maganda matamu yaliyoanguka, kama walivyofanya mbuzi wa kambini kwetu.

Alfajiri moja, siku ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza, alimrukia panya akatua kando ya chola, aina ya mpungate ambao vipande vyake hukwanyuka kwa kuguswa tu. Miiba yake ina vijino vilivyoelekea nyuma, hivyo huingia kwa urahisi na kutoka kwa taabu. Kipande kizima kiliganda kwenye mguu wake wa mbele, akaanza kuchechemea na kukoroma.

Wenyeji hutembea na kitana kwa ajili ya balaa hilo, nami nilikuwa nacho mfukoni. Kilichonitia hofu si maumivu ya kuumwa. Tulikuwa tumemchanja Canela dhidi ya kichaa cha mbwa, lakini chanjo hiyo ya sindano haijaidhinishwa kwa wanyama wa porini, na kwa kawaida mnyama wa namna yake akimtoboa mtu ngozi, huuawa ili ubongo wake upimwe. Tone moja la damu mkononi mwangu lingeweza kumgharimu maisha.

Nilikanyaga kamba karibu na mkanda, nikachuchumaa ubavuni mwake badala ya mbele yake, nikapenyeza kitana kati ya miiba na manyoya. Aligeuka ghafla. Meno yakafunga juu ya kitana, pungufu ya upana wa kidole kutoka kwenye gumba langu, na hapo tukabaki tukitazamana, yeye akingurumia plastiki, mimi nikiwa sithubutu kuvuta wala kuachia. Kisha akakiachia mwenyewe, akatazama pembeni. Nikavuta kwa nguvu mara moja, chola likarukia mchangani. Miiba mitatu iliyobaki aliing'oa mwenyewe kwa meno ya mbele, kwa ustadi ambao mimi nisingeuweza.

Tuliporudi, mama aliyekuwa msimamizi wetu alimwona akichechemea.

“Amekuuma?”

“Hapana, mama. Ameuma kitana.”

Hakuridhika na maneno. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza juu na chini karibu na taa, akachunguza mpaka katikati ya vidole, ndipo akamwendea Canela na dawa ya kusafishia vidonda. Juma lile lile alinunua vitana vya chuma vyenye mpini mrefu, akatundika kimoja kando ya kila kamba.